Gemu mbovu za makusudi: jaji ampe nani ushindi?

FundiKaseti (mleta uzi)

Habarini wakuu. Jukwaa hili limejaa nyuzi za gemu kali za mwaka, picha kali, bei kali. Leo naomba tushuke kule chini kabisa, kwenye takataka.

Kuna mashindano ya Uingereza nayafuatilia kwa emuleta (programu inayoiga kompyuta ya zamani), yanaitwa comp.sys.sinclair Crap Games Competition, wenyewe wanafupisha CSSCGC. Yalianza 1996 kwenye kundi la Usenet (majukwaa ya mijadala ya mtandao wa zamani) la wapenzi wa kompyuta ya ZX Spectrum. Sharti kuu ni kwamba gemu yako iwe mbovu. Siyo mbovu kwa sababu imekushinda, bali mbovu kwa sababu umekaa chini ukaipangia ubovu wake.

Kwa vijana ambao hawakuikuta: ZX Spectrum ni kompyuta ya nyumbani iliyotolewa na Sinclair Research Aprili 1982. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125, ya kilobaiti 48 pauni 175. Vibonyezo vya mpira, picha unaziona kwenye TV ya sebuleni, programu zinapakiwa kutoka kwenye kaseti. Ukiiwasha tu unakutana na BASIC, lugha rahisi ya kuandikia programu, kwa hiyo mtoto yeyote aliweza kuandika gemu kabla ya chakula cha usiku. Na watoto wengi waliandika, na nyingi zilikuwa mbaya.

Chimbuko la mashindano haya ni kaseti moja ya 1983, Cassette 50, ya kampuni ya Cascade Games ya Harrogate. Gemu 50 kwenye kaseti moja, na mnunuzi anapewa saa ya mkononi yenye kikokotoo. Saa ndiyo iliyosifiwa. Baadaye jarida la Your Sinclair likaja na mzaha wake, Advanced Lawnmower Simulator: unabonyeza M, mashine inakata nyasi. Basi, gemu imekwisha kuelezwa. Hadi leo washiriki wa CSSCGC wanaleta matoleo yao ya kukata nyasi, na mwandaaji anayapokea kama ushuru wa lazima.

Sasa swali langu. Wewe ndiye jaji. Mbele yako kuna rundo la gemu ambazo kila mtunzi ameapa kwamba yake haifai. Unampa nani ushindi, na kwa kigezo gani? Mimi nina msimamo wangu, ila nianze na mfano mmoja.

Tuseme gemu inakwambia "Bonyeza M kuanza." Unabonyeza M, kimya. Unabonyeza tena, kimya. Unadhani emuleta imeganda. Kumbe ndani ya programu mtunzi ameandika IF INKEY$="M" (yaani kama kilichobonyezwa ni M), herufi kubwa, wakati Spectrum ukibonyeza M peke yake inasoma m ndogo. Lazima ushikilie CAPS SHIFT. Je, hiyo ni akili au ni uzembe? Kwa nje huwezi kujua. Hapo ndipo kazi ya jaji inapoanza.

Uzuri wa mashine ile ni kwamba gemu ya BASIC haina siri. Unapakia kwa MERGE badala ya LOAD ili isijianzishe yenyewe, unaandika LIST ili programu ijionyeshe, unasoma mstari kwa mstari. Ukikuta kila kibonyezo kingine kimekaguliwa kwa herufi ndogo na hiki kimoja tu ndicho kikubwa, na chini yake kuna REM (maelezo ambayo mashine inayaruka) ya kumcheka jaji, hapo unavua kofia. Ukikuta vyote ni vikubwa na gemu haijawahi kuchezwa hata na mwenyewe, huyo hakutengeneza gemu mbovu. Huyo hakutengeneza gemu.

Msimamo wangu: anayestahili kushinda ni yule anayejua hasa amevunja nini. Karibuni.


binti_pikseli

Mkuu mbona unajichosha? Mashindano ya ubovu, mbovu kuliko zote ishinde. Mbio za mita mia hatuulizi mkimbiaji alikusudia nini.


FundiKaseti

@binti_pikseli basi mimi nitatuma faili tupu, nichukue kombe nikalale. Haifunguki, haichezeki, hakuna gemu inayoweza kuwa chini ya hapo. Ukikubali kigezo chako, mashindano yanaisha dakika ya kwanza. Ndiyo maana "mbovu kuliko zote" hakiwezi kuwa kipimo. Lazima kuwe na gemu kwanza, ndipo tuzungumze ubovu wake.


Mzee wa Leicester

Vijana mmenikumbusha mbali. Sisi tuliokulia Leicester miaka ya themanini tunaijua sauti ile ya kaseti ikipakia, kama inzi wamefungiwa kwenye mkebe. Pembeni mwa skrini mistari myekundu na samawati, kisha data ikianza kuingia inageuka bluu na manjano. Gemu ya kilobaiti 48 ilichukua dakika nne hadi tano kupakia. Unakaa umeshika kikombe cha chai, hupumui, halafu mwishoni inakuandikia R Tape loading error. Unarudisha kaseti mwanzo.

Ninachotaka kusema: mnaohukumu leo kwa emuleta mnapakia kwa kufumba na kufumbua, mnakosa nusu ya utani. Gemu ya kipumbavu uliyoisubiri dakika tano ina uzito mwingine kabisa. Kuna mtunzi atakuwekea picha nzuri ya kupakia, imechorwa kwa ustadi, joka linatema moto, kijana ana upanga. Unasubiri. Picha inajichora mstari mmoja mmoja. Kisha inafunguka nukta moja nyeupe inayotembea kwenda kulia. Ukipakia kwa sekunde moja, ile picha hujaiona hata, na mtunzi umemdhulumu.

Kwa hiyo ningekuwa jaji, kila gemu ningeipakia kwa mwendo wake halisi angalau mara moja.


FundiKaseti

Shikamoo mzee. Hii sikuiwaza na nimeichukua. Na hapo kwenye picha kuna jambo jingine: Spectrum inagawa skrini kwenye vyumba vya nukta 8 kwa 8, kila chumba kina rangi mbili tu. Kijana wako mwenye upanga akipita mbele ya joka wanaambukizana rangi. Watunzi wa gemu nzuri waliumiza vichwa kulikwepa tatizo hilo. Mtunzi wa gemu mbovu mwenye akili analifanya tatizo hilo kuwa adui wa gemu: ukigusana rangi na mti, umekufa. Huwezi kuandika kitu kama hicho kama huijui mashine vizuri.


Mzee wa Leicester

Marahaba. Umenena.


dev_wa_Kilimani

Niaje wadau. Mimi nimekaa sana kwenye gemu jamu (mashindano ya kutengeneza gemu kwa muda mfupi) za tovuti ya itch.io, sasa acha niwape upande wa namba, kwa sababu huku kwetu hakuna jaji mmoja, washiriki ndio wanaopigiana kura.

Itch haichukui wastani wa nyota peke yake. Gemu ikipata kura chache kuliko kura za kati za jamu nzima (idadi inayoangukia katikati ukizipanga gemu zote kwa kura), alama yake inapunguzwa: wastani unazidishwa kwa kipeuo cha pili cha kura zako ukizigawa kwa zile za kati. Mfano, kura za kati ni 16, wewe umepata 4. Nne gawa kumi na sita ni robo, kipeuo chake cha pili ni nusu. Hata kama hao wanne walikupa wastani wa 4.8, unaandikiwa 2.4. Nia yake ni nzuri, mtu asishinde kwa kura za marafiki zake watatu.

Lakini angalia kinachotokea kwenye jamu ya gemu mbovu. Mtu amefanya kazi yake kikamilifu: picha ya jalada inatisha, maelezo hayaeleweki, jina limeandikwa vibaya. Nani atabonyeza? Hakuna. Kwa hiyo anapata kura chache, na hesabu inamshusha kwa sababu amekuwa mbovu barabara. Anayeshinda ni yule aliyeweka jalada zuri na ubovu wa kuchekesha wa wastani.

Ludum Dare nako, jamu iliyoanza 2002, wanapiga kura kwa vipengele: furaha, ubunifu, mada, picha, sauti, ucheshi, hali ya hisia. Leta gemu mbovu ya makusudi hapo uone. Kwenye picha nikupe nyota moja kwa kuwa ni mbaya, au tano kwa kuwa ni mbaya ulivyotaka? Nimeona watu wawili wanatoa alama za ncha mbili kwa sababu ileile moja.


binti_pikseli

@dev_wa_Kilimani sasa hii ndiyo hoja. Hapo nimeanza kumuelewa mleta uzi.


Kobe Mkimbiaji

Mnaongea yote hayo hamjamtaja mfalme? Big Rigs: Over the Road Racing, 2003, Stellar Stone. Mbio za malori ambamo lori la mpinzani haliondoki kwenye mstari wa kuanzia. Majengo unapita katikati yake kama hewa. Rivasi ukiikanyaga mwendo unaongezeka bila kikomo, ukiachia kibonyezo lori linasimama papo hapo. Ukimaliza, kombe linatokea na maandishi YOU'RE WINNER ! Hivyo hivyo, na nafasi kabla ya alama ya mshangao. Tovuti ya GameSpot iliipa 1.0 kati ya 10. Baadaye ikatolewa marekebisho, mpinzani akaanza kutembea, lakini anasimama kabla ya kumaliza. Walirekebisha hadi ikawa ya kuchekesha zaidi.

Hakuna aliyekusudia. Na hakuna gemu ya makusudi niliyowahi kuiona inayofikia hapo. Mimi naona makusudi ndiyo yanayoharibu ubovu. Ukijua mtu anakutazama ucheke, huchekei.


FundiKaseti

@Kobe Mkimbiaji nakubaliana nawe nusu. Big Rigs inachekesha kwa sababu iliuzwa dukani kwa uso mkavu, ndani ya boksi, kama gemu kamili. Ule uso mkavu mtunzi wa makusudi anaweza kuujenga. Gemu mbovu za makusudi zinazokera ni zile zinazokukonyeza jicho kila sekunde, "ona nilivyo mbovu, hahaha." Nzuri hazikonyezi. Zina skrini ya maelekezo marefu, zina jedwali la alama za juu, zina menyu ya kuchagua ugumu ambayo haibadilishi kitu. Zinajichukulia kama bidhaa halali.

Ila ukisema hakuna ya makusudi iliyofika, Goat Simulator je, ile ya mbuzi? Coffee Stain Studios ya Uswidi waliitoa 1 Aprili 2014, wakaacha hitilafu zote zinazochekesha na kuondoa zile tu zinazoiangusha gemu. Fikiria kazi hiyo: unakaa na orodha ya hitilafu, unahukumu moja moja, hii ibaki, hii iondoke. Hapo mtengenezaji mwenyewe amekuwa jaji kabla ya jaji.


Kobe Mkimbiaji

Mbuzi sawa, nimekubali. Lakini ile si mbovu bwana, ile watu wameinunua na wameifurahia.


mama_J

Nimepita kimya muda mrefu, acha nichangie. Ikifurahisha tu mnasema si mbovu, isipofurahisha mnasema haifai kushinda. Sasa mshiriki afanyeje?

Mimi naona swali ni muda. Desert Bus mnaijua? Ilikuwa ndani ya mkusanyo wa gemu wa Penn na Teller, wachezaji wa mazingaombwe, wa mashine ya Sega CD, ilikuwa itoke 1995 haikutoka. Unaendesha basi kutoka Tucson hadi Las Vegas, saa nane halisi, mwendo hauzidi maili 45 kwa saa, basi linavuta kulia kidogo kidogo kwa hiyo huwezi kuacha usukani ukaenda kula. Ukifika unapata pointi moja. Au ile ya mchekeshaji Takeshi Kitano ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, 1986, ambayo kuna mahali inakutaka uache vibonyezo saa nzima bila kugusa, na mahali pengine inakutaka uimbe kwenye maikrofoni ya kidhibiti cha pili.

Hizo ni kubwa kwa sababu mateso yenyewe ndiyo wazo. Lakini mtu akikuletea kwenye mashindano gemu ya kusubiri saa nane, na wewe jaji una nyingine arobaini mezani, amekuheshimu? Desert Bus waliitengeneza kama mzaha kwa walimwengu wanaolalamikia gemu. Huyu wako anaiga tu urefu.


FundiKaseti

@mama_J dada umegusa penyewe. Utani wa sekunde kumi uchukue sekunde kumi. Kwenye Spectrum hata kusubirisha kuna ustadi wake: PAUSE 3000 ni dakika moja kwa TV za Uingereza, lakini mchezaji akigusa kibonyezo chochote PAUSE inakatika. Kwa hiyo mtunzi anayetumia PAUSE amekuachia mlango. Anayetumia FOR na NEXT tupu, mzunguko wa kuhesabu tu, ameufunga na kumeza ufunguo. Mimi nikisoma programu nikakuta PAUSE najua huyu ni mtu wa utani. Nikikuta FOR mpaka elfu hamsini, naandika kwenye mapitio kwamba nimeona na sijafurahi.

Na kuhusu furaha: gemu mbovu inaruhusiwa kukufurahisha mara moja. Ukitaka kuicheza tena kesho, hapo imepotea njia, ikatafute mashindano mengine.


Jaji Mstaafu

Salaam. Niliwahi kuhukumu jamu ndogo ya namna hii, ya mtandaoni, washiriki wengi wa Dar na Arusha. Jina naliacha. Naleta ya vitendo, maana nadharia mmezimaliza.

Uchovu ni adui mkubwa kuliko ubovu. Gemu za mwanzo unazicheka zote. Ukifika katikati ya rundo huna tena kicheko, na mtu mwenye utani bora anakukuta umenuna. Tuliishia kuwapa majaji mpangilio tofauti, mmoja aanze juu, mwingine aanze chini. Bila hivyo aliyewasilisha mapema ana bahati ya bure.

La pili: watu wanajificha nyuma ya neno "mbovu." Kuna aliyeleta matusi ya kabila akasema ndiyo ubovu wenyewe. Kuna aliyechukua picha za mtu halisi bila ruhusa. Tuliwatoa wote na hatukujadiliana. Kanuni yetu ilikuwa gemu iwe mbovu kwa mchezaji kama mchezaji, si kwa mtu kama mtu. Na skrini zinazowakawaka kwa kasi nazo tulizikataa, maana kuna watu mwanga wa namna ile unawaamshia kifafa. Mnaocheza na FLASH na BORDER za Spectrum (amri za kuwakisha maandishi na kubadili rangi ya pembeni) lizingatieni hilo, mtunzi anaona ni mapambo tu.

La tatu, tulianza na alama 1 hadi 10 na hatukujua 10 ni juu au chini. Majaji wawili walijaza kinyume. Matokeo yalipojumlishwa gemu iliyoongoza ni ile ambayo kila mtu aliiona ya kawaida.


dev_wa_Kilimani

Hahaha hiyo ya mwisho imenimaliza. Gemu ya kawaida kushinda mashindano ya ubovu!


binti_pikseli

Lakini si ndiyo ubovu mkubwa zaidi? Kuwa wa kawaida?


Jaji Mstaafu

@binti_pikseli mwenyewe alipoambiwa ameshinda alikasirika. Alidhani ameleta gemu nzuri.


FundiKaseti

Wakuu, hapa ndipo napendea CSSCGC. Hawakuhangaika sana na alama. Mwandaaji wa mwaka huo anacheza kila gemu na kuiandikia mapitio, maneno, kama gazeti. Mapitio yanaweza kusema gemu ni aibu na ni kazi safi ndani ya sentensi moja. Namba haiwezi kufanya hivyo.

Halafu kuna zawadi. Mshindi anapewa heshima ya kuandaa mashindano ya mwaka unaofuata. Yaani ukishinda kwa takataka yako, mwaka mzima ujao unapokea takataka za wenzako, unazicheza zote, unaziandikia. Hakuna fedha, hakuna kombe. Mtu mvivu hana sababu ya kushinda. Na jaji wa mwaka huu alikuwa mshiriki wa jana, anajua kila mbinu. Ukimletea nyasi tena atakukumbusha kwamba na yeye alileta nyasi.

Ukiangalia vizuri, anamchagua mrithi wake. Kwa hiyo anatafuta mtu mwenye jicho, si mtu aliyeboronga tu. Msimamo wangu wa kujua umevunja nini umejaa tele humo ndani bila kanuni hata moja kuandikwa.


Mzee wa Leicester

Basi nikuulize la mwisho, fundi. Gemu ina skrini ya kichwa, ina maelekezo kurasa tatu, unachagua jina la shujaa, unachagua silaha. Unabonyeza kuanza. Mtunzi ameweka RANDOMIZE USR 0. Mashine inajifuta, inarudi kwenye skrini nyeupe, © 1982 Sinclair Research Ltd. Unampa au humpi?


Kobe Mkimbiaji

Mpe!


mama_J

Hapana, huyo hajaandika gemu. Ni faili tupu ya mleta uzi, imevalishwa suti.


FundiKaseti

Inategemea hayo maelekezo ya kurasa tatu. Kama ni maneno ya kujaza nafasi, nampa mstari mmoja wa mapitio na kwaheri. Kama yameandikwa kiasi kwamba nimeanza kumjali shujaa, nimekaa dakika nzima nachagua kati ya panga na rungu, halafu mashine ikajifuta, huyo namtafuta mwenyewe kumpongeza. Lakini ni mara moja tu. Mtu wa pili akileta ileile, aende chini ya mwenye nyasi.


Mzee wa Leicester

Na kama silaha aliyoichagua jaji ndiyo inayoamua? Panga linafuta mashine, rungu linaanza gemu halisi, na maelekezo yamesifia panga tu?


FundiKaseti

Mzee, hiyo usiiandike hapa hadharani. Iandike kwa BASIC uitume.